Picha Nisizozipiga Mimi

Msamvu, Morogoro
19 Januari 2025

Mpendwa mdogo wangu Levina,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe na mwanangu Rosa, na Shangazi Tekla umpe shikamoo yangu kabla hujamaliza kusoma mstari huu, maana namjua, atauliza. Mguu wake unaendeleaje? Sisi tupo. Watoto wamerudi shule, na Baba Evod anakohoa kwa vumbi la simenti lakini kazini anaenda. Duka linasogea.

Kwenye boksi hili kuna simu. Inaitwa Orani 6. Si ya bei ya chini wala si ya wakubwa, ni ya kati, na hizo za kati ndizo ninazoulizwa kila siku. Wakala aliyeniletea anaisifu sana, ila kusifu ndiyo kazi yake. Wateja wangu wengi ni wakulima. Wanataka kujua itakuwaje baada ya miezi, kwenye tope, kwenye jua, umeme ukikatika. Itumie kama yako, maana ni yako, halafu uniandikie ukweli wake, mazuri na mabaya.

Nimekuwekea akaunti yako ya zamani, ileile niliyokufungulia hapa dukani uliponunua simu ya kwanza. Neno la siri bado nalikumbuka. Picha zako zote zimerudi, hata ile ya marehemu mama akiwa Mahenge mwaka wa jubilei ya parokia. Nilipoiona nililia kidogo mbele ya mteja.

Umesema mambo yako hutaki kuyaongea kwa simu wala kuyatuma kwa ujumbe. Sikuelewa, lakini haya, tutaandikiana kwenye karatasi kama nilipokuwa bwenini. Barua zako mpelekee Paulina wa ofisi ya basi pale Ifakara, ni rafiki yangu, atanifikishia.

Siku ile ulipopita stendi na mtoto na begi moja, nilikuuliza kuna nini, ukasema umechoka tu na ndoa. Sikukubishia. Ukiwa tayari, nipo.

Dada yako,
Odilia


Mchombe
16 Februari 2025

Dada Odilia, shikamoo.

Shangazi amepokea salamu, na aliuliza kweli. Mguu umepungua kuvimba. Anatembea na fimbo hadi shambani, akifika anaitupa na kupalilia kutuzidi sisi. Mvua zimeshika vizuri, mpunga umesimama, majaruba ya chini yana maji hadi magotini. Rosa anaongea Kipogoro cha kumtosha kuombea muwa kwa majirani. Mpe pole Baba Evod na kikohozi.

Boksi nimelipokea na nimelifungua. Asante, dada. Mimi sina cha kukupa ila hiki ulichoniomba, basi nitakuambia ukweli.

Chaji inakaa. Nikiitumia kawaida, kupiga simu, kusikiliza redio, kutazama picha, inafika kesho yake jioni. Sola ya Shangazi inaijaza polepole lakini inaijaza. Kioo kinaonekana hata kwenye jua la shambani, ila ukikigusa na kidole chenye maji kinakimbilia mambo yake. Ile ya kufungulia kwa alama ya kidole waambie wateja wako wakulima wasiitegemee. Wakati wa palizi vidole vyangu vimechubuka na simu hainijui kabisa. Tochi yake ni nzuri kuliko ya kununua. Mtandao hapa nyumbani unakuja na kwenda, ukipanda hadi kigangoni unakuwa na nguvu. Iliniangukia kwenye tope mara mbili na haikufa.

Kasoro moja. Inaleta picha ambazo mimi sikuzipiga. Nilikuwa namwonyesha Rosa picha za bibi yake, nikakuta katikati yake sahani ya ugali na samaki, na nyingine ya meza tu. Nilizifuta. Baada ya siku kadhaa ikaja nyingine ya ukuta. Je, ndivyo ilivyotengenezwa? Mwulize wakala.

Kuhusu lile uliloniuliza stendi, niache kwanza.

Mdogo wako,
Levina


Msamvu, Morogoro
9 Machi 2025

Levina mdogo wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mbele ya mteja mmoja wa Mvomero, akanunua Orani 6 palepale. Unaona sasa, umeshakuwa mtaalamu. Baba Evod kikohozi kimeisha. Evod amekuwa wa nne darasani na amesema uambiwe. Joto la huku halina adabu, naambiwa huko kwenu mvua zinazidi.

Kuhusu picha, usihangaike. Akaunti ya zamani ni kama kabati la zamani, unakuta humo vitu ambavyo hukumbuki kuviweka. Labda ni picha ulizotumiwa na watu miaka ile. Zifute, zitakwisha.

Naomba usinikasirikie kwa hili ninalotaka kusema. Kuna watu hapa wanaokupenda na wanasikitika. Sitataja jina. Watu wazima wakikaa chini wakaongea, mengi hurekebishika. Rosa anahitaji baba. Wewe fikiria tu, mimi sikulazimishi.

Nakutumia na kava la mpira, rangi ya zambarau. Uniandikie spika inavyofanya kazi, wateja wanaiulizia.

Dada yako,
Odilia


Mchombe
6 Aprili 2025

Dada, shikamoo.

Hongera kwa Evod. Shangazi anasalimu. Rosa aliugua malaria, amepona, anakula. Mto umepanda, barabara ya kwenda Ifakara imekatika sehemu mbili na mabasi yanalala njiani, sijui barua hii itakufikia lini. Kava limefika. Spika ni ya nguvu, inasikika hadi ng'ambo ya mfereji.

Dada, sasa nikuambie.

Ile picha ya meza. Sikukuandikia kwamba juu ya meza kulikuwa na saa ya mkono. Nilidhani nikiiandika itakuwa kweli.

Gosbert hakuwahi kunifokea tangu anioe, ndiyo maana hakuna jirani aliyesikia kitu, na wewe ulikuwa unamsifia mbele yangu. Alikuwa anarudi kutoka kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anasalimia, anafunga mlango, anavua saa na kuiweka mezani taratibu ili isipate mkwaruzo. Nikiiona saa mezani, basi. Rosa naye alikuwa ameshajua. Akiiona alikuwa anaingia mwenyewe chini ya kitanda, bila kulia, na hatoki hadi nimwite. Mtoto wa miaka minne, dada. Mkono wangu haukuvunjika bafuni. Nilikudanganya, na daktari nilimdanganya vilevile.

Simu yangu ya zamani alikuwa ananinyang'anya kila jioni na kusoma kila kitu. Ndiyo maana nakuandikia kwenye karatasi.

Sasa picha zinakuja tena. Ni meza ileile, saa ileile, tena na tena. Hakuna kingine kwenye picha. Mtu gani anapiga picha ya saa mezani? Nadhani anajua kwamba naziona. Kila nikiifungua simu naikosea namba ya kufungulia.

Nani mwingine anaweza kutia picha ndani ya simu hii? Nijibu hilo kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Na hao wanaosikitika, usiwaambie nilipo.

Levina


Mchombe
4 Mei 2025

Dada, shikamoo.

Mvua zimeanza kupungua. Mpunga umechanua, na kweleakwelea wameshuka kama wingu, tunashinda shambani kuamia ndege. Nilirekodi sauti ya debe likipigwa nikawa naipigisha kwa spika ya simu. Ndege walikimbia siku mbili, ya tatu walikaa juu ya simu yenyewe. Wateja wako ukipenda waambie hilo. Shangazi mzima. Rosa mzima.

Hujanijibu. Paulina aliniletea neno kwamba barua yangu ililala kwenye basi lililokwama, na sasa ameipata na kuituma. Sijui kama umeshaisoma. Naandika hii vilevile.

Baada ya Pasaka ilikuja picha ya stendi ya Mikumi. Niliijua kwa mabango. Kisha ikaja ya daraja. Kisha ya soko la Ifakara, upande wa wauza mchele. Mimi nilikuwa nakaa na simu mkononi namwangalia mtu akinikaribia, na siwezi kumwambia asimame.

Siku ya Jumanne ilikuja picha ya njia inayopita kando ya mfereji wetu. Siku ya Alhamisi nikajiona mwenyewe. Nimepigwa kwa nyuma, nimebeba ndoo, Rosa ameshika khanga yangu. Nilimtazama huyo mwanamke kwenye kioo muda mrefu kabla sijaelewa kwamba ni mimi. Picha imetoka safi sana, dada. Unaweza kuhesabu mistari ya khanga.

Alikuwa karibu namna hiyo na hakuniita.

Tangu siku hiyo hatutembei peke yetu. Shangazi nimemwambia ni nyoka, ameonekana njiani. Nilitaka kuizima simu niitupe mferejini. Nilifika hadi ukingoni. Halafu nikawaza kwamba nikiizima sitajua tena yuko wapi. Kuwa nayo naogopa, na kutokuwa nayo naogopa zaidi. Nimeiweka kwenye gunia la mpunga, ikiwa imewashwa, na naenda kuichungulia kama mtu anayechungulia chungu jikoni. Simu zako nimeziona. Sipokei, kwa sababu sijui nani mwingine anasikiliza.

Njoo, au nijibu.

Levina


Msamvu, Morogoro
13 Mei 2025

Levina,

Barua zako mbili zimefika leo kwa pamoja. Nimefunga duka. Sina salamu, nisamehe, nitazileta siku nyingine. Barua hii nampa dereva ampe Paulina mkononi, na Paulina nimemsihi akuletee yeye mwenyewe.

Ni mimi niliyemwonyesha njia, bila kujua. Gosbert ana akaunti yako kwenye simu yake. Aliiweka humo zamani, wakati ule alipokuwa anakunyang'anya simu. Siku niliyoiingiza akaunti ileile kwenye Orani 6, simu yake ilipewa taarifa kwamba Levina amewasha simu mpya. Picha anazopiga yeye zinakuja kwako, na zako zinakwenda kwake. Zaidi ya hapo, anaweza kufungua ramani na kuona simu ilipo. Hahitaji kumwuliza mtu yeyote. Kazi yangu ni simu, Levina, na ulinieleza tangu Februari, nikakujibu habari za kabati.

Na kuna hili. Amekuwa anakuja dukani. Alianza mwezi wa pili. Anakaa kwenye kiti cha wateja, analeta soda za watoto, anasema alikukosea kidogo na anasubiri hasira zako ziishe. Nilimwonea huruma. Yeye ndiye yule niliyesema sitataja jina. Leo nimekaa chini nikayakumbuka maongezi yote, tangu siku ya kwanza. Hajawahi, hata mara moja, kuniuliza uko wapi. Nilidhani ni ustaarabu.

Ameacha kuja tangu Pasaka.

Izime simu hiyo. Itoe laini, itupe. Mwambie Shangazi ukweli. Panda basi na mtoto uje kwangu, au sema mahali nije nikuchukue. Nakuomba kwa jina la mama.

Odilia


Ifakara
1 Juni 2025

Dada yangu, shikamoo. Pole kwa kusubiri. Tuko hai, sote watatu. Nimeweka hilo mbele ili usome yaliyobaki ukiwa umekaa.

Paulina alikuja mwenyewe hadi Mchombe na barua yako ndani ya blauzi. Niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaingia ndani nikamwambia Shangazi kila kitu, kuanzia mkono. Nilidhani atapiga kelele. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama ile habari ya nyoka nilikuwa namaanisha huyo. Nikasema ndiyo. Akaenda kubadilisha nguo, akatoka amevaa za kanisani, akafunga mlango kwa kufuli.

Nilifanya tofauti na ulivyoniambia, usikasirike. Simu sikuizima. Nilikuwa nimeishikilia tayari kuitoa laini nikawaza: Morogoro ni kwake vilevile. Nikija kwako atakaa tena kwenye kile kiti chako na soda. Nitakimbia hadi lini na mtoto huyu? Basi tukapanda basi, mimi na Rosa na Shangazi na Paulina, simu imewashwa kwenye mkoba wangu, tukaenda polisi Ifakara kwenye dawati la jinsia. Njia nzima nilikuwa nageuka nyuma kutazama pikipiki. Kila pikipiki nilidhani ni yeye.

Pale dawatini kuna mama mmoja, Sajenti Devota, mtu wa makamo, anaongea polepole. Nilimwonyesha picha zote. Alipofikia ile ya mimi na ndoo aliiweka simu chini akanywa maji. Aliandika maelezo yangu, akanituma hospitali nikapigwe eksirei. Mkono unaonyesha ulivunjika ukaungana vibaya, na mbavu mbili pia, hizo hata mimi sikuzijua. Kisha akasema shida ni kumpata. Watamtafuta, lakini mtu asiyejulikana sura anaweza kukaa gesti yoyote, na akisikia anatafutwa ataondoka, arudi siku ambayo hakuna anayemngoja.

Nikamwambia, "Afande, yeye hanifuati mimi. Anaifuata simu."

Alinitazama, akaelewa palepale.

Paulina akajitolea nyumba yake kule Lumemo. Simu ikawekwa kitandani, kwenye chumba cha uani, imechomekwa kwenye chaji. Askari mmoja wa kike alikaa uani amejifunga khanga, anapepeta mchele. Wa kiume wawili walikaa ndani. Sisi tulibaki kituoni kwenye chumba cha Sajenti, tukalala hapo kwenye magodoro. Sijui kama nililala. Nilikuwa naiwaza simu ile kule, peke yake chumbani, inamwita.

Alikuja kesho yake, mchana kweupe. Haya ameyaeleza Paulina, alikuwepo jikoni. Alipiga hodi vizuri, akamsalimia yule askari wa kike, akamwuliza habari za jua. Alikuwa amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi. Mkononi ana mfuko. Askari akamwuliza anamtafuta nani. Akasema, "Nimekuja kuchukua familia yangu," na kabla hajakaribishwa alishavuka uani, akaenda moja kwa moja, akitazama simu yake, hadi kwenye mlango wa chumba kile, bila kuuliza ni kipi. Akaingia, akaufunga mlango nyuma yake. Ndipo walipomkamata.

Kwenye mfuko kulikuwa na viatu vya Rosa. Vipya. Sajenti alinionyesha baadaye. Rosa amekua tangu tulipoondoka, miguu imerefuka, mimi mwenyewe ningekosea namba. Viatu vile vinamtosha sawasawa. Nililia kwa sababu ya viatu kuliko kwa sababu ya ile picha. Nilipiga picha nyingi za mtoto, dada, akicheza, akioga kwenye beseni, amelala. Zote alikuwa anazipata.

Walipomleta kituoni sikumwona, nilimsikia. Ukuta ni mwembamba. Aliwasalimia askari wote mmoja mmoja, akawaambia poleni na kazi. Akasema yote hayo ni kutoelewana kwa mume na mke, na kwamba wewe, dada yangu, ndiye uliyemwelekeza nilipo. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. Kwa dakika nzima niliamini kwamba watamwelewa, watamwachia, watanikabidhi kwake, kwa sababu hata mimi nilikuwa namwona ana adabu.

Rosa alikuwa anachora kwenye karatasi. Aliposikia ile sauti aliweka kalamu chini, akashuka kwenye kiti, akaingia chini ya meza ya Sajenti. Bila kelele. Akajikunja, akaziba mdomo kwa mkono wake.

Sajenti Devota aliacha kuandika. Hakumwita mtoto atoke. Alivua viatu vyake vya kazi, akashuka akakaa sakafuni kando ya meza ile na sare yake, akakaa hapo hapo hadi walipompeleka yule mtu mahabusu na mlango wake ukafungwa. Kisha akasimama, akamfuata upande wa pili wa ukuta. Nilimsikia akimwuliza Gosbert ni siku gani shemeji yake alimwelekeza. Akataja siku. Akamwuliza, "Na simu yako hii, mbona ina akaunti yenye jina la Levina?"

Kesi iko mahakamani hapa, shambulio na vitisho. Nimehojiwa mara mbili. Ndugu zake walimwekea dhamana wiki iliyopita. Ameamriwa asitukaribie na asikanyage Mchombe, na kila wiki anaripoti polisi. Sajenti aliniambia hilo akinitazama usoni, hakunificha. Kwa hiyo yuko nje, dada. Nimepanga chumba hapa mjini karibu na Paulina, tutarudi kuvuna tukiwa na watu. Usiku naamka kuangalia komeo. Ila nimegundua kwamba asubuhi naweza kula.

Simu imechukuliwa kuwa kielelezo. Nilikuahidi ukweli wake. Ni simu nzuri. Chaji inakaa, kioo hakijapasuka, haikuzimika hata kwenye gunia. Ilifanya kila ilichoambiwa na kila aliyelijua neno lake la siri.

Usijilaumu kwa habari ya kabati. Ila njoo, nikuone.

Mdogo wako,
Levina


Msamvu, Morogoro
20 Julai 2025

Mdogo wangu Levina, marahaba.

Tangu nilipotoka huko kukuona, nyumba hii imekuwa kubwa. Mkungu wa ndizi wa Shangazi umeiva wote kwa siku moja, tumegawa mtaa mzima. Mpe shikamoo, na umwambie mchele wake haujaguswa bado, nauangalia tu. Baba Evod amebadilisha kitasa cha duka na cha nyumbani. Evod anamwuliza Rosa kama tayari ameng'oka jino.

Nimesikia mahakama imesogeza kesi hadi Agosti. Nitakuja kutoa ushahidi, nimeshamwambia Sajenti. Nitasema mbele ya hakimu kwamba sikumwelekeza, na nitasema pia nilichokifanya, yote mawili.

Sikutaka kukuandikia hili, lakini tumekubaliana kutofichana. Gosbert amepita. Hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara kwa muuza matunda, akanunua embe, akalila lote amesimama, akitazama dukani. Hajavunja amri yoyote, amri inakutaja wewe na Rosa. Alipomaliza alininyooshea mkono kunipungia kama shemeji. Nilijificha nyuma ya kabati la kava. Mimi, Levina, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, kwenye duka langu mwenyewe. Nilikaa pale nimechuchumaa nikifikiria kwamba wewe uliishi hivyo miaka, nami nilikuwa nakuambia watu wazima wakae chini waongee. Nimempigia Sajenti, ameandika.

Kuna jambo jingine la jana. Walikuja mume na mke kununua Orani 6. Vijana tu, wamependeza. Mume ndiye aliyeongea. Nilipoanza kufungua akaunti ya mke nikamwambia dada achague neno la siri, mume akasema, "Niandikie mimi, yeye husahau," na akanitajia tarehe yake mwenyewe ya kuzaliwa. Mke alikuwa anatabasamu anatazama sakafu. Zamani ningeandika, tukacheka, nikawapa na kava la bure.

Nilimwambia mtandao umekata, simu haiwezi kufunguliwa leo, dada aje kesho peke yake na kitambulisho chake, ndiyo utaratibu. Hakuna utaratibu kama huo. Mume alinung'unika kidogo, wakaondoka. Sikulala vizuri. Nilijiambia labda nimewakosea watu wema, labda woga wako umenikaa vibaya na sasa kila mwanamume namwona yeye.

Leo ni Jumapili na huwa sifungui, ila nilitoka misa nikaja kufungua. Alikuja peke yake, anahema, amejifunika khanga kichwani. Nilimpa simu aandike neno lake, nikamgeukia ukuta hadi aliposema tayari. Nikamwonyesha jinsi ya kuangalia nani mwingine yumo kwenye akaunti yake. Hakuuliza chaji inakaa muda gani, wala kamera, wala bei ya kava.

Aliniuliza kama duka hili lina mlango wa nyuma.

Nikamwambia upo, na nikampeleka akauone.

Dada yako,
Odilia